Mgeni Mezani Mpe Jembe

Akina mama wenzetu wametuuliza mara nyingi ni mchezo gani huo tunaowachezesha vijana katika ukumbi wa kanisa Jumamosi jioni, wenye karatasi, penseli na dadu za ajabu. Wengine huuliza kwa hamu, wengine kwa hofu. Tumeona ni vema tuwajibu hapa. Sisi tunaoongoza meza hiyo ni akina mama watatu, wote wauguzi, na kazi yetu ya wodini imetusaidia sana kuifanya kazi hii ya ukumbini.

Tunaishi Minnesota, Marekani, pamoja na familia nyingi zilizotoka Kenya, Tanzania na Kongo. Mchezo wenyewe una mizizi yake papa hapa, katika miji jirani ya Minneapolis na St. Paul. Mwaka 1969 David Wesely aliwakusanya wenzake waliozoea michezo ya vita ya mezani, akampa kila mmoja mtu wa kumwigiza. Dave Arneson akaliendeleza wazo hilo, kisha akashirikiana na Gary Gygax wa Lake Geneva, katika jimbo jirani la Wisconsin. Mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya sanduku. Tangu hapo michezo ya namna hiyo imekuwa mingi.

Huchezwaje? Kiongozi husimulia: "Mto umefurika, daraja limevunjika, na ng'ambo kuna kijiji kilichoishiwa dawa. Mtafanya nini?" Kila mchezaji ana mhusika wake, ambaye nguvu na udhaifu wake vimeandikwa kwenye karatasi. Mchezaji husema mhusika wake anataka kufanya nini. Jambo likiwa rahisi, hufanyika. Likiwa gumu, hurusha dadu yenye pande 20, akajumlisha namba iliyo kwenye karatasi yake. Akifikia kiwango alichoweka kiongozi, tuseme 15, amefaulu. Asipofikia, hadithi huchukua njia nyingine. Wachezaji hawashindani wao kwa wao. Huvuka mto pamoja au hukwama pamoja.

Hofu ya wazazi tunaielewa. Katika miaka ya 1980 Wakristo wengi wa Marekani waliamini kwamba mchezo huu huwaingiza vijana katika uchawi na hata kuwafanya wajiue. Uchunguzi uliofanywa baadaye haukuonyesha kwamba mchezo ndio uliosababisha vifo hivyo. Hata hivyo hatuwaambii wazazi wanyamaze. Tunawaalika waje, waketi, wasikilize. Hadithi tunaitunga sisi wenyewe, na mzazi ana haki ya kujua mwanawe anasimuliwa nini.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mezani petu jembe hatulicheleweshi mpaka siku ya tatu. Kijana akiachwa saa nzima akitazama wenzake wakicheza, hatarudi tena, na wala hatasema kwa nini. Kwa hiyo tunaweka tayari wahusika watano au sita waliokwisha kuandikwa, ukurasa mmoja kila mmoja. Mgeni huchagua anayempenda, basi. Sheria atajifunza njiani, moja moja, zinapohitajika. Na kabla dakika kumi hazijapita tunamwuliza swali ambalo hakuna jibu lake lililo kosa: "Mhusika wako amebeba nini mfukoni?"

Binti mmoja aliyekuwa amefika nchini miezi michache tu alikuwa hasemi shuleni, kwa kuwa watoto walimcheka matamshi yake. Alipoulizwa swali hilo alifikiri kidogo, akajibu kwa Kiswahili: "Kamba ya kufungia mbuzi." Basi jioni ile daraja lilipokosekana, kamba ile ndiyo iliyowavusha wote. Sisi hatukufanya zaidi ya kukumbuka kwamba anayo. Mwezi uliofuata alikuja na mdogo wake, naye ndiye aliyemweleza namna ya kurusha dadu.

Wenyeji wa mchezo nao wana haja zao. Tulikuwa na kijana aliyezijua sheria zote kwa moyo. Kila mgeni alipotaka kufungua mdomo, yeye alikwisha mwambia la kufanya. Ingekuwa rahisi kumkemea mbele ya wenzake, lakini kijana yule alipenda mchezo kuliko sisi sote, na mapenzi hayo ni mali. Tulimwita pembeni tukamkabidhi kitabu cha sheria, awe mtu wa kuulizwa, si wa kusema kabla hajaulizwa. Tena tukaweka katika hadithi fumbo gumu la kumtosha, ambalo ufunguo wake ulikuwa kwa mhusika wa mgeni. Ikambidi aulize na kusikiliza. Mwenyeji akinyimwa chakula chake naye ataondoka, na meza isiyo na wenyeji haina wa kuwafundisha wageni.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kabla hadithi mpya haijaanza, tunakaa na vijana tukaulizana ni mambo gani yasiguswe kabisa. Pia tunaweka katikati ya meza kadi yenye herufi X, mbinu iliyobuniwa na John Stavropoulos. Anayeumizwa na jambo huigusa kadi, nasi tunaliacha papo hapo bila kumdai maelezo. Jioni moja hadithi ilimfikisha mama mgonjwa kwenye zahanati ya kijiji. Kijana mmoja mrefu, mcheshi kuliko wote, alinyosha mkono akaigusa kadi bila kuinua macho. Tukasema, "Mama yule alikwisha pata nafuu akarudi kwake. Nje mnasikia ngoma," na safari ikaendelea. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Tulipokuwa tukikusanya vikombe vya chai, yeye mwenyewe alibaki nyuma. Alisema, "Anti, mama yangu hakurudi." Tuliketi naye mpaka baba yake alipokuja kumchukua. Wodini tumeona wagonjwa wengi wanaosema maumivu yao baada tu ya kuhakikishiwa kwamba hawatashikwa kwa nguvu. Hata mezani ni vivyo hivyo.

Mama mwenzetu, ukitaka kuanza huhitaji fedha nyingi. Sheria za msingi za Dungeons & Dragons hupatikana bure kwenye intaneti, na dadu seti moja yaweza kutumiwa na meza nzima. Waite wanne au watano, wasizidi, ili kila mmoja apate zamu yake. Panga saa ya kumaliza na uishike. Andaa chai. Weka kiti kimoja cha ziada, maana daima yupo kijana anayesimama mlangoni akijifanya anamsubiri rafiki yake. Huyo mwite aingie, umpe karatasi na penseli, kisha umwulize amebeba nini mfukoni.