Namna tulivyojifunza kuchunga maua ya eye



Wenzetu wa darasa wametuuliza mara nyingi kwa nini mbele ya nyumba yetu, hapa Mangina, kuna kitanda kidogo cha maua katikati ya kakao. Wengine wanacheka. Basi tumeona ni vema kuandika jibu mara moja kwa wote. Sisi ni watatu wa tumbo moja, na maneno haya tumeyapatana pamoja.

Ua lenyewe kwa Kifaransa linaitwa œillet. Nyumbani tunasema tu eye. Jina lake la elimu ni Dianthus. Mwalimu wa biolojia alitueleza kwamba jina hilo limetoka katika Kiyunani, maana yake ua la Mungu. Lakini mungu huyo alikuwa Zeu, yule ambaye watu wa Listra walimpa Barnaba jina lake (Matendo 14). Majani yake ni membamba kama nyasi, na rangi yao ni kama kijani kilichopakwa majivu. Maua ya kwetu ni ya rangi ya rozi, na ukingo wao kama umetafunwa na panya. Ukikaribisha pua unasikia harufu ya karafuu, ile ya chai.

Aliyeyaleta ni mama mkubwa, dada ya mama yetu. Alipokuja kukaa kwetu mwaka wa 2016 alitoka nayo Butembo, makopo sita, akiyapakata ndani ya gari mpaka Beni, kisha juu ya pikipiki mpaka hapa. Jirani mmoja akamwambia: « Mama, utakula maua? » Naye akajibu: « Sitakula. Na wewe, kitambaa chako cha kichwa, unakikulaka? » Watu wakacheka sana, na tangu siku ile hakuna aliyemwuliza tena.

Kila asubuhi alikuwa akiyazunguka makopo yake. Mara anageuza kopo moja, mara anakata kichwa cha ua lililokauka, mara anagusa udongo kwa kidole na kuondoka bila kufanya neno. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi, tukipita mbio kwenda kucheza. Hatukumwuliza namna anavyofanya. Tulidhani atakuwapo siku zote.

Mnajua wote jambo lililofika hapa kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, na jina la Mangina likasikiwa katika dunia yote. Ugonjwa huo ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, na hesabu ya waliokufa ilikuwa watu 2 287. Mmoja wao ni mama mkubwa. Alishikwa na homa katika mwezi ule wa Agosti, wakamchukua kwenye kituo cha matunzo, na hakurudi. Wale wenye mavazi meupe ndio waliomzika. Sisi tulisimama mbali, hatukugusa hata sanduku. Kisha wakaja nyumbani, wakapiga dawa ya klore, wakachoma godoro lake na nguo zake. Hakikubaki kitu chake ndani ya nyumba. Makopo sita tu yalibaki nje, mbele ya ukuta.

Tulichomwa chanjo, kisha tukahesabiwa siku 21. Kila siku waganga walikuja na kipima-joto. Hakuna jirani aliyeingia kwetu, na hatukuwa na ruhusa ya kwenda kucheza. Basi tulifanya nini? Tulimwagia maua maji. Asubuhi maji, saa sita maji, jioni maji. Tuligombana hata juu ya nani atashika kopo la kumwagia. Na mvua ya Agosti ilikuwa inanyesha vilevile. Tuliongeza pia mbolea mbichi ya mbuzi, tukifikiri kwamba kitu kinachopendwa shurti kishibe.

Siku ya kumi hivi, majani ya chini yakawa manjano. Tukaongeza maji. Kisha mashina yakawa laini penye udongo, meusi, yenye harufu mbaya. Makopo matano yakafa moja baada ya lingine. Mdogo wetu akakaa chini akalia, akasema: « Tumemuua tena. » Neno lile lilituingia wote, na hata mama hakupata la kumjibu.

Kopo la sita lilipona kwa sababu tulilisahau. Lilikuwa pembeni, chini ya ukingo wa bati, pahali mvua haifiki lakini jua la asubuhi linafika. Tulipolishika tuliona limetobolewa chini matundu mengi kwa msumari. Yale mengine yalikuwa na matundu vilevile, lakini sisi wenyewe tulikuwa tumeyakandamiza katika matope, na maji hayakupata njia ya kutoka. Pale ndipo tulianza kuelewa kile mama mkubwa alichokuwa akitafuta kwa kidole chake.

Baadaye, kwa msaada wa mwalimu, tulijua sababu. Eye ni ua la pahali penye baridi kidogo na udongo usioshika maji. Butembo iko juu ya milima, inapita metre 1 700, ndiyo maana kule inastawi. Hata Kenya, walipoanza kulima maua haya kwa kuyauza Ulaya, katika miaka ya 1970, walilima kando ya ziwa Naivasha, karibu metre 1 900. Sisi huku chini tuko na joto, mvua na unyevu wa pori. Haikatazwi kupanda, lakini shurti mtu alisaidie ua.

Sasa tunawaeleza namna tunavyofanya. Tunachagua tawi la pembeni lisilo na ua, urefu wa kidole cha kati, tunalikata chini kidogo ya fundo kwa wembe safi. Tunaondoa majani ya chini. Tunalisimamisha katika mchanga wa mto uliochanganywa na udongo kidogo, na kulifunika kivuli cha jani la ndizi. Maji kidogo tu, mchanga usikauke kabisa. Baada ya majuma matatu au mane, ukivuta polepole na tawi linakataa, ujue limetoa mizizi. Mara ya kwanza tulikata vipande saba, vikapona vitatu. Mara ya pili kumi, vikapona vinane.

Kisha tunavihamisha katika kitanda kilichoinuliwa kufika magoti, chenye mawe chini, udongo, mchanga, na majivu kidogo ya jikoni, sababu eye haipendi udongo mkali. Kivuli haipendi pia. Kakao inavumilia kivuli, eye inataka jua. Hatuweki nyasi karibu na shina. Na kabla ya kumwagia maji, kwanza kidole katika udongo. Kama kidole kinatoka na unyevu, tunaondoka bila kufanya neno.

Kulikuwa na shida moja bado, ndiyo baba. Mwaka wa 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10 000 kwa tani, na kila mtu hapa alitaka kupanda hata mlangoni. Baba naye akapima parseli kwa hatua, akisimamisha vijiti pahali pa kila mche. Sisi tulikuwa dirishani, tukimwangalia. Alipofika kwenye kitanda cha maua alisimama. Tulijua hesabu yake, sababu karo yetu inatoka katika kakao ile ile. Akazunguka kitanda, akachoma kijiti upande wa pili, akaendelea. Hakusema neno, na sisi hatukumwuliza.

Kaburi la mama mkubwa liko chini ya miti, pahali penye unyevu, eye haiwezi kuishi kule. Kwa hiyo, siku ya posho, ikiwa maua yamefunguka, tunakata machache na kuyapeleka ndani ya chupa ya maji. Ua hili likikatwa linadumu juma zima na zaidi. Hatukumgusa siku ile alipozikwa. Sasa tunafika karibu, tunafuta majani yaliyoanguka kwa mikono yetu, tunarudi nyumbani.

Ndilo jibu letu kwa wale wanaouliza. Vipande vingine viko tayari sasa, karibu kumi na viwili. Anayetaka kimoja aje kwetu baada ya masomo, alete kopo lake. Lakini alitoboe kwanza chini, matundu mengi. Kopo zima hatutalipokea.

Wenzenu, watatu wa nyumba moja.