Kadi ya Clemente

Wako wakusanyao stampu, na wako wakusanyao sarafu za kale. Mjomba wangu hukusanya kadi za wachezaji wa besiboli. Anakaa Marekani, katika mji wa Pittsburgh, na kila ajapo likizo huniletea kadi moja.

Kadi hizo ni vipande vya karatasi ngumu, mbele picha ya mchezaji, nyuma hesabu ya michezo yake. Hapo kale kampuni za sigara zilizitia ndani ya pakiti. Baadaye kampuni ya Topps ikaziuza pamoja na ubani wa kutafuna. Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6, wala haikuwa na sahihi yo yote! Lakini kwa kadi nyingi, sahihi ya mchezaji mwenyewe huongeza bei sana.

Yangu ilikuwa ya Roberto Clemente, ya mwaka 1973, namba 50. Bwana huyo alizaliwa Puerto Rico mwaka 1934, akachezea Pittsburgh Pirates misimu 18.

Basi mvulana mmoja wa kidato cha tatu, jirani yangu bwenini, alikuwa na njumu mpya zilizombana. Mimi zilinienea. Aliitazama kadi yangu akasema ni karatasi tu. Usiku ule, kabla ya taa kuzimwa, nalitwaa kalamu nikaandika jina la Clemente juu ya picha, kwa mikia mingi kama sahihi ya meneja wa benki. Asubuhi nikamwambia, “Jana hukutazama vizuri. Mwenyewe ametia sahihi.” Tukabadilishana kabla ya uji.

Mjomba alipokuja mwezi wa Desemba, nikamwuliza kwa kuzungukazunguka: kadi kama ile ikiwa na sahihi, bei yake huwaje? Akacheka mpaka akakohoa.

“Mpwa wangu, Clemente alikufa tarehe 31 Desemba, 1972. Alikuwa akiwapelekea msaada watu wa Nikaragua waliopatwa na tetemeko la ardhi, ndege ikaanguka baharini. Kadi ile ilitoka mwaka uliofuata. Angeitiaje sahihi?”

Kisha akanisimulia habari za waghushi waliokamatwa na FBI mwaka 1999, ambao waliandika hata sahihi za wachezaji waliokufa zamani. Hakujua kwamba ananisema mimi. Wali wa jioni ile sikuuonja ladha.

Shule ilipofunguliwa nalimpelekea yule mvulana njumu zake. Nalikuwa nimezipiga brashi, ingawa soli zilikwisha kulika. Nikamweleza yote. Alinyamaza, akaitoa kadi, akaigeuza huku na huku.

“Kaka, na habari ya ile ndege ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Basi kadi naiweka. Na njumu nipe, zitamfaa mdogo wangu.”

Sikuwa na la kusema. Tangu siku hiyo nacheza pekupeku. Kadi ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake, na kila alifunguapo nauona mwandiko wangu. Juma lililopita mama aliniambia kwamba mjomba anauliza kama bado naitunza vema. Jibu sijampelekea.