Fomu ilipouliza jina la mvumbuzi

Kiti chenyewe ukikiona hutageuka mara mbili. Ni cha bomba la chuma, kimepakwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye geti la mteja, kina tundu katikati na kinakunjika mpaka kupita kwenye mlango mwembamba wa choo cha nyumba ya kupanga. Kimetengenezwa uani Mbagala, na fundi wa kuchomelea ambaye mama yake alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Choo chao ni cha kuchuchumaa. Mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kuchuchumaa, na mama mtu mzima anayeshikwa makwapa na mke wa mwanawe usiku wa manane, ili asianguke chooni, anapoteza zaidi ya nguvu za mguu.

Majirani walikisifu. Mmoja akashauri kipelekwe Sabasaba mwezi wa saba, kwani uwanja uko hapohapo Barabara ya Kilwa. Aliyezuia ni binti mkubwa wa fundi, anayesoma chuo mwaka wa pili.

"Baba, usikioneshe kwanza. Ukikionesha kabla ya kuomba hataza, unaweza kuambiwa si kipya tena."

Binamu yake, ambaye alikuwa ameshakirekodi kwa simu ili akirushe mtandaoni, alifutishwa video mbele ya watu wote. Alinuna siku tatu.

Neno hataza lilikuwa geni pale uani. Fundi alidhani ni hakimiliki, ile ya wanamuziki, na wengi hudhani hivyo. Hakimiliki ya nyimbo na vitabu ni shughuli ya COSOTA. Hataza ni haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa kwa muda uliowekwa, nayo inashughulikiwa na BRELA chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Anayetaka ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja anaweza kupitia ARIPO, yenye makao yake Harare. Fundi alisema Harare ni mbali, waanze na hapa.

Kazi ya karatasi ilifanyika usiku, bibi akishalala. Yalitakiwa ombi lenyewe, maelezo ya uvumbuzi, madai, michoro na muhtasari. Michoro haikuwa shida, maana fundi amezoea kuchora kwa chaki sakafuni kabla ya kukata chuma. Maelezo yalichukua wiki mbili, kwa sababu lazima yaandikwe kwa namna ambayo fundi mwingine, asiyewahi kukiona kiti, aweze kukitengeneza.

"Yaani niwape siri yote?" fundi aliuliza.

Yote. Ndiyo makubaliano: wewe unaieleza dunia, sheria nayo inakulinda kwa muda. Aya nzima ya mazoezi ya bibi ilibidi iondolewe, kwa kuwa njia za kutibu mwili wa binadamu hazipewi hataza. Chombo kinachotumika katika tiba ndicho kinachoweza kuombewa.

Yaliyowakosesha usingizi ni madai. Hapo mwombaji anaweka mipaka ya shamba lake na kusema kipi hasa ni chake. Binti alimpa baba yake mfano wa Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyeshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Kuchuja maji kwa mchanga ni jambo la zamani mno. Upya ulikuwa katika chembechembe ndogo sana alizoongeza ili kunasa vitu ambavyo mchanga pekee hauwezi, kama floraidi.

Basi wakaanza kutafuta upya wa kiti. Hati za hataza za nchi nyingi zinasomwa bure kwenye intaneti, na binti alizisoma mpaka bando likaisha. Kiti chenye tundu kipo. Cha kukunja kipo. Chenye mkono unaoshuka pembeni, mgonjwa ateleze kutoka kitandani, nacho kipo. Kila usiku fundi alikata mstari mwingine kwa kalamu, na kila usiku alizidi kuwa mkimya. Mwishoni kilibaki kitu kimoja: ndoano iliyo chini ya kikalio, inayobana ule mkono mtu akikaa na kuuachia akinyanyuliwa.

Binti aliuliza wazo la ndoano lilitoka wapi.

Fundi hakujibu haraka. Mke wake alikuwa pembeni akichambua mchele. Miezi ya mwanzo, ule mkono ulikuwa ukichomoka bibi akiuegemea, naye mama huyo ndiye aliyekuwa akimdaka, mgongo ukamuuma mpaka akaenda hospitali. Siku moja alipitisha kanga chini ya kikalio na kuifunga kwenye mkono wa kiti. Bibi alipokaa, uzito wake ukaikaza kanga. Akamwita mumewe: "Baba watoto, hebu ona. Huwezi kufanya hivi kwa chuma?"

Fundi alifanya. Mtaa mzima ukakijua kama kiti cha fundi, naye hakumsahihisha mtu.

"Fomu ina sehemu ya mwombaji na sehemu ya mvumbuzi," binti alisema. "Si lazima iwe mtu mmoja. Na waliovumbua pamoja, haki ni yao pamoja."

"Mimi nilifunga kanga tu," mama yake alisema. "Kuchomelea sijui."

"Kilichobaki kwenye madai ni hiyo kanga, mama."

Fundi aliivuta karatasi kwenye mwanga. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa, kwa herufi kubwa, katikati ya nafasi. Aliongeza mstari chini yake, akaandika jina la kwanza la mkewe, kisha kalamu ikasimama.

"Mama watoto," alisema baada ya miaka 21 ya ndoa, "jina la baba yako linaandikwa kwa 'r' au kwa 'l'?"