Imekubali

Ukishinda nusu siku kwenye gereji yoyote ya barabara ya Nyakanazi kwenda Rusumo, utasikia mafundi wakiizungumzia bolti kama wanavyomzungumzia mtu. Bolti imegoma. Bolti imekataa. Hii mbishi, bwana, iache kwanza. Na ikianza kuzunguka, huwezi kumsikia fundi akisema "nimeifungua." Anasema "imekubali," halafu anafuta mikono.

Sisi wapenzi wa vitabu tumezoea kuinung'unikia lugha ya gereji kwa sababu ya maneno yake ya kuazima: spana, nati, bolti, gasketi. Kamusi inatupa hesi, fundi anasema sredi. Kamusi inatupa parafujo, fundi anasema skrubu, ingawa hiyo parafujo yenyewe tuliichukua kwa Wareno. Mimi ugomvi huo nimeuacha. Nomino aazime atakako. Nikitaka kujua fundi anafikiri nini, nasikiliza vitenzi vyake, na kitenzi chake kikubwa ni kukubali.

Gereji ninayoifikiria iko Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, pale barabara ya kwenda Biharamulo mjini inapoachana na barabara kuu ya kuelekea Ngara. Ni mwembe, turubai, na shimo la kuingilia chini ya gari. Mbele yake yanapita malori ya kwenda Rwanda kupitia Rusumo, na ya kwenda Burundi kupitia Kabanga. Malori hayo mengi ni ya Ulaya, Scania na Benz. Magari madogo ya abiria wa huku karibu yote ni ya Kijapani. Sasa ndugu msomaji, nivumilie kidogo kwa hesabu, maana kisa chote kimo humo. Bolti ya Ulaya yenye unene wa milimita 8 kwa kawaida kichwa chake kinataka spana 13. Bolti ya Toyota ya unene huohuo inataka 12. Ukiivalisha 13 kwenye 12 inaingia vizuri tu, hata inakupa moyo. Ukivuta kwa nguvu inateleza, inakula kona. Kona sita zikishalika, kichwa kinakuwa duara, na duara halishikiki.

Ipo pia spana ya kurekebisha, ile inayobana na kuachia ifuate kichwa chochote. Mafundi wameipa jina la matusi, spana malaya. Nyumbani hatulitamki mbele ya wazee, lakini kila gereji inayo, na vichwa vingi vilivyolika barabara hii ni kazi yake.

Mama yangu alifundisha shule ya msingi Ngara zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote kiliingia kwenye Hiace iliyotumika. Ndugu walimwambia ajenge vyumba vya kupangisha. Yeye alisema nyumba haitembei. Hiace ikatembea, Ngara mjini hadi Nyakanazi na kurudi, mpaka ilipoanza kuchemsha kwenye vilima. Pampu ya maji ilikuwa inavuja. Siku hiyo tulikuwamo wote wawili. Abiria walihamishiwa gari jingine na nauli zao zikarudishwa, sisi tukaburutwa hadi chini ya ule mwembe.

Fundi alipotoa kichwa shimoni alishtuka. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kumbe ni wewe?"

Alikuwa amemfundisha darasa la nne. Baadaye Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu alimchapa sana kwa ajili ya desimali.

Injini ya Hiace za aina ile iko chini ya viti vya mbele. Unakunja kiti, unafunua, na kilichobaki ni kisanduku ambamo mkono mmoja unaingia na wa pili unangoja zamu. Bolti za pampu zilitoka moja baada ya nyingine. Ya mwisho, ya chini kabisa nyuma ya mkono wa alternata, haikutoka. Fundi aliingiza mkono hadi begani, akafumba macho, akaipapasa kwa kidole kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo.

"Mwalimu, hapa kuna mtu alipita na kumi na tatu."

Dereva wetu, mtoto wa mjomba, hakuwa na muda wa historia. Alitaka tindo. "Piga tu, kaka, itazunguka yenyewe, giza linakuja." Giza barabara ile si jambo dogo. Pori lile, ambalo sehemu yake sasa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019, lina kumbukumbu za miaka ya utekaji, magari yalipokuwa yakivuka kwa kusindikizwa na polisi.

"Na ikikatika?" Mama aliuliza.

"Ikikatika ikabaki ndani, Mwalimu, tutatoboa. Na hapa drili haingii. Tutashusha injini."

Mama hakusema kitu. Mimi nilijua anahesabu. Kushusha injini ni wiki nzima bila safari, na pesa za wiki hiyo hazikuwepo mahali popote.

Fundi akafanya jambo ambalo dereva aliliona la kichaa: akaiacha bolti kabisa. Alianza kufungua alternata, kisha ule mkono wake, vitu vizima visivyokuwa na kosa lolote. Saa nzima ilipita. Nilipomuuliza, alisema anatafuta nafasi. Alisugua ile bolti kwa brashi ya waya, akaitilia dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, akaenda kunywa chai. Bolti iliyokula kutu haifunguki kwa hasira, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza. Imejikaza ndani kama kabari. Mafuta yanahitaji muda wa kupenya, na muda huo hakuna fundi anayeweza kuufanya uwe mfupi.

Aliporudi alikuwa na birika la maji yanayochemka la mama lishe. Akayamwaga juu ya pampu. Mwili wa pampu ni alumini, bolti ni chuma, na alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu linalegea kidogo. Kidogo sana, lakini ndiyo iliyokuwa ikitafutwa.

Mama alimtazama muda mrefu, halafu akauliza kwa ile sauti yake ya ubaoni: "Nusu inchi ni milimita ngapi?"

"Kumi na mbili nukta saba, Mwalimu," alijibu bila kuinua kichwa.

Akachukua soketi ya 11, ndogo kuliko kile kichwa kilicholika. Nyundo haikuwa na pa kuzungukia, kwa hiyo aliegemeza kipande cha nondo kwenye soketi na kugonga ncha ya nje, taratibu, mpaka soketi ikajibana juu ya kichwa. Kisha hakufungua. Alikaza kwanza, unywele mmoja tu. Akalegeza. Akakaza tena. Tulisikia mlio mfupi, kama mlango wa kanisa la kijijini.

"Imekubali."

Dereva alipiga makofi. Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuomba chai.

Pampu mpya ilipoingia, fundi aliitupa ile bolti iliyolika, akatafuta nyingine, akapaka grisi kwenye meno yake kabla ya kuifunga. Dereva alisema grisi ya nini, gari linaondoka. "Hii siyo yenu," fundi alijibu. "Ni ya fundi atakayekuja."

Nimesoma maelezo mengi ya wema, marefu na mazuri, na bado nalikumbuka jibu lile. Mtu aliyepita na 13 hakumjua atakayefuata, na huyu naye hamjui. Mikono yote miwili imo ndani ya injini hiyohiyo, gizani, mahali ambapo jicho halifiki.

Mama alilipa, akaongeza elfu tano ya soda. Fundi alikusanya vyombo vyake sandukuni, isipokuwa spana 12, ambayo aliitia mfukoni mwa ovaroli. Ndiyo inayoazimwa zaidi, alisema, na ikiazimwa hairudi, ndipo watu wanapochukua kumi na tatu.