Daftari Lililoungua

Mjukuu wangu anasomea ualimu. Jumapili alinionyesha kwenye simu pembetatu ya mahitaji ya binadamu ya mwanasaikolojia Abraham Maslow: chakula chini kabisa, juu yake usalama, kisha upendo, heshima, na kileleni kutimiza kipaji. "Guka, mwenye njaa hafikirii heshima," akasema. Nami nilikariri hayo hayo chuoni. Nikamuuliza kama anajua lilipokuwa duka la mabati pale stendi, Burnt Forest. Hajui. Pamesimama ghorofa, wanauza simu.

Duka lile lilinukia mafuta ya taa, sabuni ya mche na magunia ya viazi yenye udongo mbichi. Alfajiri, baridi ya kwetu ikiuma, mwenye duka alikuwa ameshawasha jiko la makaa, na waliosubiri basi la Eldoret waliota moto wasinunue kitu. Sukari aliipima kwa mkono mzito. Deni aliliandika katika daftari la jalada jeusi, penseli ikining'inia kwa uzi. Hakumfuata mtu nyumbani kudai.

Daftari liliungua pamoja na duka, katika mapigano ya kikabila. Mimi husema ni Desemba 1992. Mke wangu anashikilia Januari 1993. Haidhuru. Tulilala chini ya turubai uwanjani mwa kanisa, tukipanga foleni ya unga. Siku ya tatu mama mmoja, aliyebaki na leso aliyojifunga, alimwendea mwenye duka: "Mzee, kwako nina deni la sukari kilo mbili." Akafuata mwingine, na mwingine. Mzee akatafuta daftari la shule, akaandika walivyomtajia. Deni langu lilikuwa la majani ya chai na viberiti. Hakuna aliyekuwa na senti, na usiku ule bado tulisikia mayowe ng'ambo ya barabara.

Maslow mwenyewe, katika makala yake ya 1943, hakuchora pembetatu, na alikiri kwamba wapo wanaoacha vyote kwa ajili ya jambo wanaloliamini. Kwa nini hilo wanafunzi hawafundishwi? Linaniudhi.

Mzee alijenga tena. Baada ya uchaguzi wa 2007 duka lilichomwa mara ya pili, hakurudi. Sasa simu ndiyo inayokopesha, na ukichelewa, kuna wakopeshaji wanaowapigia jamaa zako kukuaibisha.

"Walilipa?" mjukuu akauliza.

Wengine kwa viazi, wengine kwa vibarua. Mimi nililipa baada ya mavuno, nikasimama pale nikiitazama penseli ikipita juu ya jina langu.