Mafaili Yalipofungwa

Mwaka 2020 nilikuwa na steshenari ndogo Iringa, jirani na chuo. Ndani ya kompyuta yangu moja kulikuwa na tasnifu za wanafunzi, mikataba ya viwanja, mitihani ambayo walimu huileta kuchapwa, na picha na sauti za marehemu mama yangu.

Kijana aliyekuwa akinisaidia dukani alipakua programu ya kuhariri picha, ile ya kulipiwa, iliyovunjwa kufuli ili itumike bure. Maelekezo yake yalimtaka kwanza azime antivairasi, akazima. Muda si mrefu bando likaisha, lakini kirusi kilikuwa kimeshaingia. Jioni mteja amesimama kaunta anasubiri kuprinti, Word ikakataa kufungua kazi yake. Nikajaribu nyingine, ikakataa. Kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina, na kila folda ilikuwa na ujumbe ulioitwa _readme.txt. Ulisema mafaili yamefungwa, ufunguo ni dola 980, na ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa dola 490. Hiyo nusu peke yake ilizidi shilingi milioni moja, nami kodi ya fremu ilikuwa inanisumbua.

Niliwaambia wateja ukweli siku ileile. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Binti mmoja wa mwaka wa tatu aliangua kilio, maana flashi yake ilikuwa imechomekwa na nayo ikafungwa. Nilimwomba alete nakala aliyosahihishiwa na msimamizi wake, nikaichapa upya usiku kucha bila kumtoza. Wengine wakasikia, wakaja na makaratasi yao. Miezi ile nilichapa mpaka vidole vikavimba, na kipato kilikuwa cha kula tu.

Mafundi walinishauri niformati nisahau. Mmoja tu, kaka mtulivu sana, aliniambia, "Dada, usifute kitu. Nakili vyote vilivyofungwa kwenye diski ya nje, uitunze." Akafungua ule ujumbe, akanionyesha namba ndefu ya utambulisho chini kabisa: iliishia na t1. Kirusi kile kinaitwa STOP au Djvu. Kikiifikia seva ya wenye nacho, hupewa ufunguo wa kompyuta hiyo peke yake. Kikishindwa, hutumia ufunguo kilichokuja nao, ambao ni mmoja kwa wote waliopatwa na toleo hilo, na hiyo t1 ndiyo alama yake. Ufunguo huo ukipatikana popote duniani, kampuni ya Emsisoft huuingiza kwenye programu ya bure ya kufungulia iliyoitoa Oktoba 2019. Naamini bando kuisha ndiko kulikotuokoa. Nauita mkono wa Mungu, na sioni haya kusema hivyo.

Akaniambia pia kwamba kirusi kile huharibu takribani KB 150 za mwanzo wa faili, basi. Akachukua wimbo wa MP3 ambao mama aliimba na kwaya, akaondoa zile herufi nne kwenye jina, akabonyeza. Ukaimba. Zilikosekana sekunde chache za mwanzo, lakini sauti ya mama ilikuwamo. Nililia mbele ya wateja.

Mafaili mengine yalisubiri miezi kadhaa mpaka ufunguo wa toleo letu ukapatikana. Siku ile nilikaa nikitazama majina yakirudi moja baada ya jingine: tasnifu, mitihani, picha. Kompyuta yenyewe tulikuwa tumeshaiformati, na nywila zote nilizibadilisha kwa simu, kwa sababu kirusi hiki mara nyingi huja na programu za kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Sasa kazi zangu zina nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje ninayoichomoa nikimaliza kunakili, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski inayobaki imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta. Usiihesabu kuwa nakala. Msaidizi wangu anatumia akaunti isiyo na ruhusa ya kusakinisha programu.

Nawe ukipatwa, chomoa flashi na diski, zima intaneti, usilipe kwa haraka. Kwa kifaa kingine kizima, ingia kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta. Pandisha mafaili mawili yaliyofungwa pamoja na ule ujumbe. Watakuambia ni kirusi gani na kama ufunguo upo. Wakisema haupo, tunza diski yako, urudi kuangalia tena.