Agosti Nendeni Rubondo, Mafia Isubiri Kaskazi

Kayanga, Karagwe

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma meseji yako ndefu uliyoituma kutoka Nkwenda, nikaona nikujibu kwa barua, maana uliyoyauliza hayaenei kwenye simu. Unasema likizo yako ya siku 28 inaanza Agosti, kahawa itakuwa imeshauzwa, na wewe na mkeo mnataka kwenda kisiwani kupiga kambi, kutembea kwa miguu na kuona maji makubwa. Mmebakiza visiwa viwili, Mafia na Rubondo, na kila jioni mnabishana. Mkeo anataka papa potwe wa Mafia, wewe unavutwa na msitu wa Rubondo. Mmeniuliza mimi kwa kuwa nimekuwa bwana samaki kote kuwili, baharini nilipokuwa kijana nimetoka chuo cha uvuvi cha Mbegani, na ziwani hadi nilipostaafu.

Agosti nendeni Rubondo. Mafia iwekeni wiki ya mwisho ya Januari. Mwambie mkeo nimempa haki yake, ila nimeisogeza mbele.

Kinachoamua hapa ni upepo. Sisi watu wa milimani tunagawa mwaka kwa mvua na kiangazi. Watu wa pwani wanaugawa kwa kusi na kaskazi. Kusi linaanza kuvuma Aprili, Juni hadi Agosti linakuwa kali, na halitulii mpaka Septemba ielekee kwisha. Mwezi huo wa likizo yako, upande wa mashariki wa Mafia unaotazama bahari kuu, mawimbi yanapiga mwamba usiku na mchana, na nahodha mwenye akili anabaki ndani ya Ghuba ya Chole. Kutoka Nyamisati hadi Kilindoni ni mwendo wa saa nne hivi kwa kivuko bahari ikiwa nzuri. Wakati wa kusi, mtu aliyekulia milimani Kaisho ataumaliza mwendo huo ameshika tumbo, na siku mbili za likizo zitapita akijiuguza.

Tena potwe hawangojei likizo ya mtu. Wanaonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari, pengine mapema Machi. Utakutana na watu watakaokuambia wapo mwaka mzima, na neno hilo si la uongo. Watafiti waliwafunga vifaa vidogo vya kupeleka sauti, wakagundua kwamba wengi hawaendi mbali na Mafia. Ila kusi linapovuma wanakaa kwenye maji ya kina, na wewe ukiwa kwenye mashua hutawaona. Mtu anayekuuzia safari ya potwe mwezi wa Agosti anakuuzia jina lao tu.

Mkeo asije akadhani namnyima kitu kidogo, kwa hiyo ngoja nimweleze. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wanaokuja Mafia wengi ni madume ambao hawajakomaa, wa mita sita, saba au nane. Ngozi ni ya kijivu kilichokolea, ina madoa meupe yaliyopangwa baina ya mistari, na hakuna wawili wenye madoa yanayolingana. Watafiti wanawatambua kwa kupiga picha madoa ya ubavuni, nyuma ya matamvua. Mdomo wake uko mbele kabisa ya kichwa, mpana kuliko kifua cha mtu, na anapokula anauacha wazi, akipita polepole karibu na uso wa maji, akichuja uduvi na visamaki. Meno anayo, lakini ni madogo kama punje za ulezi na hayatumii kung'ata mtu. Asubuhi wavuvi wa dagaa wanapovuta nyavu, potwe huja kuzunguka vyombo vyao, na nimeona mvuvi akimsukuma kwa kiganja ili asichane wavu. Mtu akishaona hilo harudi nyumbani vilevile. Ndiyo maana nataka mkeo alione mwezi ambao lipo.

Agosti Mafia haiko tupu, nalisema hilo ili niwe mkweli. Kisiwani Juani kasa wanaangua kati ya Juni na Septemba, na unaweza kukaa mchangani jioni ukatazama vitoto vikikimbilia bahari. Magofu ya Kua yapo mwaka mzima, na popo wakubwa wa Chole hawajali kusi. Lakini kwa siku na nauli mtakazotumia, kuanzia Karagwe hadi Dar es Salaam kwa basi, kisha Kibiti hadi Nyamisati, kisha maji, hayo peke yake hayatoshi.

Sasa Rubondo. Iko kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, upande wa Geita, na kwa mtu wa Kyerwa ni jirani. Mtatoka Omurushaka mpaka Kyaka, mshuke Bukoba, mpite Muleba na Biharamulo hadi Muganza wilayani Chato, na hapo mtateremka kwenye gati dogo la Kasenda. Boti ya hifadhi inavuka chini ya saa moja. Mnaweza kuondoka nyumbani na kufika siku ya pili mkiwa na nguvu zenu.

Eneo lote la hifadhi ni kama kilomita za mraba 457, karibu nusu yake ni maji. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 28 hivi, na sehemu kubwa ni msitu mnene. Wazinza waliokuwa wakivua na kulima pale walihamishwa kisiwa kilipofanywa pori la akiba miaka ya 1960. Mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Hakuna simba wala chui, kwa hiyo kisiwa hiki ni cha kutembea kwa miguu, mkiongozwa na askari wa hifadhi mwenye silaha. Mbuga nyingi za nchi hii utazitazama kupitia dirisha la gari. Rubondo utaikanyaga, na Agosti njia za msituni ni kavu.

Habari ya sokwe wa Rubondo naipenda kuliko zote. Kati ya 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, yule aliyepigania Serengeti, alileta kisiwani sokwe 17 kutoka Ulaya. Walikuwa wameishi kwenye bustani za wanyama na sarakasi, wengine wamezoea vizimba miaka mingi. Walifunguliwa ufukweni wakaachwa. Hakukuwa na mtu wa kuwafundisha tunda gani ni la kula, wala namna ya kukunja matawi usiku kutengeneza kitanda juu ya mti. Mwanzoni wengine waliwafuata watu na hata kuwashambulia. Kisha msitu ukawachukua. Wakajifunza kujilisha, wakajenga vitanda, wakazaa, na watoto wao hawakuwahi kumjua mtu wa kuwapa ndizi mkononi. Leo ni kundi la makumi kadhaa, ambalo lina woga wa kawaida wa mnyama wa porini. Kila ninapofikiria jambo hilo moyo wangu unafurahi. Si wote walioletwa walibahatika hivyo. Faru weusi waliopelekwa pale miaka hiyohiyo walimalizwa na majangili.

Ila usiende ukidhani sokwe wamepangwa njiani wakikusubiri. Msitu ni mzito nao ni wachache. Huenda ukasikia kelele zao bondeni, ukaona vitanda vyao vya jana na maganda ya matunda, wenyewe wameshapita. Anayetaka uhakika zaidi wa sokwe aende Gombe au Mahale. Rubondo inakupa na mengine: nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu, ambaye kwingine ni nadra kumwona, mbega, tembo ambao nao waliletwa, fisi maji wakicheza kwenye mawe, na furukombe wengi mno, kila kipande cha ufukwe kina jozi yake. Kasuku wa kijivu waliokamatwa mikononi mwa walanguzi walifunguliwa kisiwani mwaka 2000. Asubuhi kaa kimya kando ya maji pale Kageye, usikilize.

Kuogelea ziwani hapana. Wewe unafanya kazi ya afya, kichocho unakijua kuliko mimi. Mamba nao wapo, tena wakubwa. Mkeo akitaka kuoga maji ya wazi, aiwekee Mafia hamu hiyo. Usiku msitoke hemani kwenda ufukweni bila askari, maana kiboko hupanda nchi kavu kula majani giza likishaingia, na ukisimama kati yake na maji hakuna mazungumzo. Wala msibebe ndoano kwa siri. Maji yanayozunguka kisiwa ni mazalia ya sato na sangara, na wavuvi wa vijiji vyote vya ng'ambo wanakula matunda ya ulinzi huo. Mwenye kibali anavua kwa utaratibu wa hifadhi.

Kuhusu boti nitakuwa mkali. Sisi wa Kagera tulizika watu wetu baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, na hakuna familia ya mkoa huu ambayo haikumjua mtu aliyekuwemo. Usipande mtumbwi wa kukodi Kasenda kwa sababu eti ni rahisi. Wasiliana na ofisi ya hifadhi mapema upangiwe boti yao, uvae jaketi okozi tangu gatini hadi gatini, na ukiona ziwa limechafuka, laleni Muganza. Hata mkichelewa siku moja, nitalala usingizi.

Kitambulisho cha NIDA msikisahau, kwa sababu raia analipa kwa shilingi na kiasi chake ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, hawapokei fedha mkononi. Chakula nunueni Biharamulo au Chato, kisiwani hakuna soko.

Na kuhusu fedha za safari, nimesikia, si kwako, kwamba kuna mnunuzi aliyekufuata Machi akitaka kahawa yako ikiwa bado mbichi mtini. Mwanangu, butura imewatia umaskini wazee wengi wa Karagwe na Kyerwa niliowafahamu kwa majina. Mtu anapewa fedha kidogo wakati wa shida, Julai inapofika gunia lake linaondoka kwa bei aliyoikubali akiwa na njaa. Tena ni kosa kisheria. Kama safari hii inahitaji butura, isiwepo. Peleka kahawa chamani, subiri mnada, kisha katika fedha hizo kata sehemu ya Rubondo, na sehemu nyingine iweke benki kwa ajili ya Januari usiiguse.

Mbona wiki ya mwisho ya Januari? Desemba watu wetu wote wanarudi nyumbani, huwezi kuwaacha wageni uani ukaenda kutazama samaki. Mwanzoni mwa Januari mabasi ya kwenda Dar yamejaa wanaorudi kazini. Februari na Machi, kwa miaka hii, mwezi wa Ramadhani unaangukia humo, na Mafia ni nchi ya Waislamu. Haitakuwa adabu kwenda kula na kunywa mchana mbele ya waliofunga. Mwishoni mwa Januari kaskazi inavuma, bahari imelala, potwe wapo. Tazameni na mwezi wa angani pia: wakati wa bamvua maji hujaa na kupwa kwa nguvu, mkondo unakuwa mkali kwenye mlango wa ghuba na maji yanachafuka. Mkitaka kutazama matumbawe ya Chole, nendeni siku za maji mafu. Wewe hujui kuogelea, nami nimekuona kwenye Kagera ukiwa mtoto, kwa hiyo miezi hiyo mitano uitumie kujifunza Bukoba, kwenye bwawa lenye mwalimu.

Mkifika Kilindoni vaeni nguo za heshima mkipita mitaani, na wazee muwaamkie kwanza kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote. Wachukulieni akamwani kidogo, ile kahawa yetu ya kutafuna, wazee wa pale niliwahi kuwapelekea wakaipenda.

Hema lako jipya usilijaribie Rubondo. Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zimekuwa hifadhi za taifa tangu 2019, ziko mlangoni mwenu, na nina hakika mkeo hajawahi kulala katika hata moja. Ombeni ruhusa mlale usiku mmoja Julai, mjue kama zipu inafunga na kama godoro linapitisha baridi.

Nijulishe tarehe mtakayoondoka. Mama yako mdogo anataka mje mlale hapa Kayanga usiku wa kuamkia safari, kwa sababu gari la Bukoba linatoka alfajiri. Turubai langu la kijani nimeshalianika na kulishona pembeni, mtalikuta limekunjwa. Darubini nayo nakuazima, ila ukiwa kwenye boti ivae shingoni.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye.